Ndago ya Unguja na Maandishi ya Vielelezo Vyake

Katika kamusi nyingi za Kiswahili neno ndago huelezwa kwa maneno machache tu: ni aina ya nyasi, au aina ya majani yasumbuayo mashambani. Mkulima wa Bumbwisudi au wa Mwera akisomewa maelezo hayo hatayapinga, lakini wala hatayatambua kuwa ni maelezo ya kitu akijuacho yeye. Kwake yeye ndago ina alama zake: viazi vidogo vyeusi vilivyofuatana chini ya udongo kama shanga katika uzi, majani membamba yenye kung'aa, na ukaidi wa kuchipua tena siku chache baada ya kupaliliwa. Maneno "aina ya" hayamwambii msomaji ni aina ipi. Mwenye kuifungua kamusi huko Kampala, Muscat au Berlin, ambaye hakupata kushika jembe katika Unguja, hana njia ya kuvuka kutoka katika neno hadi katika mmea wenyewe.

Njia hiyo ipo, ijapokuwa haimo katika maktaba za lugha. Imo katika hebaria, yaani nyumba za elimu ambamo mimea iliyokaushwa huhifadhiwa juu ya karatasi ngumu, kila mmoja na kipande cha maelezo kilichobandikwa pembeni. Katika kipande hicho, pamoja na jina la Kilatini, mahali, tarehe na jina la mkusanyaji, mara nyingine huandikwa jina ambalo mwenyeji alilitaja siku ile mmea ulipong'olewa. Makala haya yanaeleza vielelezo hivyo ni vitu gani, ni nani waliovikusanya katika Unguja, na mwanafunzi wa lugha ajihadhari na nini anapovisoma.

Yafaa kuanza na mmea. Wataalamu huitenga jamii ya ndago, iitwayo Cyperaceae, na jamii ya nyasi, iitwayo Poaceae, ingawa kwa macho ya mpita njia zote mbili ni majani membamba ya kijani. Jamii ya ndago ina spishi zipatazo 5,500 ulimwenguni. Nyasi aghalabu ina bua la mviringo lenye mafundo, na kati ya fundo na fundo mna uwazi. Ndago haina mafundo katika shina lake. Shina hilo limejaa ndani, na likikatwa huonyesha pembe tatu. Mtu aweza kulipima hata gizani kwa kulizungusha baina ya kidole gumba na kidole cha shahada: bua la nyasi litazunguka kwa ulaini, la ndago litakwaza vidole mara tatu. Majani nayo yamepangwa katika safu tatu, si mbili. Tofauti hiyo si ya vitabuni tu. Mpunga ni nyasi, na katika mabonde ya kinamo, ule udongo mzito wenye kushika maji ambao Waunguja huutenga na kichanga, kinongo na uwanda, mche mchanga wa mpunga na mche wa ndago hukaa bega kwa bega. Mpaliliaji asiyejua kuvitofautisha huenda akang'oa chakula akaacha gugu.

Ndago ya mashambani ndiyo ambayo Linnaeus aliipa jina Cyperus rotundus mwaka 1753. Neno rotundus maana yake ni mviringo. Yeye aliandika kuwa makao yake ni Bara Hindi. Siku hizi wataalamu huihesabu kuwa ni mmea wa asili wa Afrika pia, na si mgeni aliyeletwa. Mbegu zake hazina nguvu kubwa. Uzazi wake hasa uko chini ya ardhi. Kutoka katika kiazi kimoja hutoka shina jembamba liendalo kwa upana chini ya udongo, likavimba mahali na kufanya kiazi kingine, kisha likaendelea tena, hata ukawa mlolongo. Jembe linapoukata mlolongo huo, kila kiazi kilichotengwa huamka na kuchipua. Kwa hiyo mwenye kulima ndago kwa pupa huizidisha. Katika kitabu juu ya magugu mabaya kabisa ya dunia kilichotolewa na Holm na wenzake mwaka 1977, mmea huu uliwekwa wa kwanza kwa ubaya, ukiwa umeripotiwa katika nchi 92 na katika mazao 52.

Pamoja na hayo si kila mtu aliyeutazama aliona uadui tu. Viazi vyake vina harufu nzuri vikikauka. Waarabu huviita su'd na Wahindi nagarmotha, na kwa karne nyingi vimetiwa katika dawa na manukato. Unguja imepokea vyombo kutoka pande zote mbili hizo, na katika maduka ya dawa za asili na manukato majina ya kigeni ya mizizi mikavu ni mengi. Si ajabu basi mtu mmoja akaijua ndago shambani kwa jina moja, na akanunua mizizi yake kwa jina jingine, bila ya kutambua kwamba ni kitu kile kile. Kamusi yenye kusema "aina ya nyasi" na kamusi yenye kusema "aina ya mizizi yenye harufu" haziwezi kukutana, ila mbele ya kielelezo kimoja.

Ndago hii ina ndugu yake wa karibu, Cyperus esculentus, ambaye viazi vyake ni vitamu na huliwa. Wamisri wa kale walivila, na katika mji wa Valencia huko Hispania hufanywa kinywaji kwavyo hata leo. Mimea hii miwili hutatanisha. Katika rotundus viazi hufuatana katika mlolongo, ni vichungu, na vishuke vya maua vina rangi ya hudhurungi yenye kuelekea wekundu. Katika esculentus kiazi hukaa kimoja kimoja mwishoni mwa kishina chake, nacho ni kitamu, na vishuke ni vya rangi ya manjano. Hapa ndipo mwanafunzi wa lugha anapopasika kusimama kidogo, kwa sababu mambo haya yanagusa jina. Mkulima huitambua ndago kwa kilicho chini ya ardhi, kwa kuwa ndicho kimpacho taabu. Mtaalamu huitambua kwa kilicho juu, kwa kuwa maelezo ya Kilatini yamejengwa juu ya maua na mbegu. Mkusanyaji aliyekuwa na haraka alikata shina na mashuke akaacha viazi shimoni. Kielelezo kama hicho kitamtosha mtaalamu, lakini shahada ya mkulima imebaki shambani: aliyetaja jina alitaja sehemu ya mmea ambayo haikuwekwa katika karatasi.

Kazi ya kutengeneza kielelezo ni nyepesi kuieleza, lakini ina adabu zake. Mmea hung'olewa mzima, ukatandazwa baina ya karatasi zenye kunywa maji, ukabanwa kwa mbao na kamba, na karatasi zikabadilishwa kila siku hata ukauke. Katika hewa ya Unguja, hasa wakati wa masika, kazi hiyo huwa ya kushindana na ukungu. Kielelezo kisichobadilishiwa karatasi kwa siku mbili huwa cheusi. Kisha hushonwa au kubandikwa juu ya karatasi ngumu, kikapewa nambari ya mkusanyaji. Nambari hiyo ndiyo jina lake la pekee, maana jina la Kilatini laweza kubadilishwa na wataalamu mara tatu, lakini nambari ya Kirk au ya Faulkner haibadiliki.

Unguja ilianza kutembelewa na wakusanyaji mapema. Wenceslas Bojer alifika mwaka 1824, katika siku ambazo Seyyid Said alikuwa bado hajahamishia makao yake kisiwani. Boivin, Mfaransa, alipita katika miaka ya 1840. John Kirk, aliyekuwa tabibu na mwanaelimu wa mimea katika safari ya Livingstone ya mto Zambezi, alifika mwaka 1866 na kukaa miaka 20, akapanda bustani huko Mbweni na kupeleka mimea Kew, karibu na London. Hildebrandt, Mjerumani, alikusanya katika miaka ya 1870, na Stuhlmann mwishoni mwa miaka ya 1880. Katika karne ya 20 alikuwapo J. H. Vaughan, mwanasheria wa serikali, ambaye pia aliandika juu ya ndege wa Unguja na Pemba. Bi Helen Faulkner, mchoraji wa mimea aliyekaa muda mrefu upande wa Tanga, alikusanya sana katika Unguja mwishoni mwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960.

Wawili wengine wanastahili kutajwa peke yao, kwa kuwa wasomaji wa lugha wanawajua kwa kazi nyingine. Padre Charles Sacleux, wa Shirika la Roho Mtakatifu, aliishi Unguja na Bagamoyo katika miongo ya mwisho ya karne ya 19. Kila mwanafunzi wa lahaja anaijua sarufi yake ya lahaja za Kiswahili ya mwaka 1909 na kamusi yake ya Kiswahili na Kifaransa iliyotolewa Paris kuanzia mwaka 1939 hadi 1941. Si wengi wakumbukao kuwa alikuwa pia mkusanyaji mkubwa wa mimea, na kwamba vielelezo vyake vimo katika nyumba ya makumbusho ya elimu ya viumbe huko Paris. Baillon aliupa mmea mmoja wa Afrika Mashariki jina la jenasi Sacleuxia kwa heshima yake mwaka 1890. Hiyo ndiyo sababu kamusi ya Sacleux inapofika kwenye jina la mmea haiishii kwenye "aina ya", bali mara nyingi huongeza jina la Kilatini. Aliyeliandika neno alikuwa ameukausha mmea kwa mikono yake mwenyewe. Kadhalika W. E. Taylor, ambaye mwaka 1891 alitoa kitabu cha methali za Waswahili, alikusanya mimea upande wa Mombasa, Giriama na Shimba, ikapelekwa London. Katika watu hawa wawili elimu ya maneno na elimu ya majani hazikuwa zimetengwa. Kutengwa kulikuja baadaye, zilipokuwa idara mbili katika majengo mawili ya chuo kimoja, na hasara yake imeziangukia kamusi zaidi kuliko vitabu vya mimea.

Mtu wa tatu alijaribu kuziunganisha tena. P. J. Greenway, mwanaelimu wa mimea katika kituo cha Amani, Usambara Mashariki, alitoa mwaka 1937 kamusi ya majina ya mimea kwa Kiswahili, na toleo lake la pili likatoka mwaka 1940. Kitabu hicho chapendwa na wengi, na kwa haki, lakini hutumiwa vibaya. Jina la Kiswahili huonekana mkono mmoja na la Kilatini mkono wa pili, kana kwamba ni jozi ya viatu. Kwa kweli kila jozi kama hiyo ina mahali na mtu nyuma yake: jina fulani lilisikiwa mahali fulani, kutoka kwa mtu fulani, mbele ya mmea fulani. Atakaye kujua kama jina ni la Unguja, la Tanga au la Wabondei waliokuwa wakisema Kiswahili na mgeni, hawezi kupata jibu katika orodha. Yampasa arudi kwenye kielelezo.

Basi vielelezo vya jamii ya ndago katika Unguja vyasema nini? Kwanza vyasema mahali wakusanyaji walipokuwa wakitembea. Mbweni, Mazizini, Chukwani, Marahubi: haya ni majina ya upande wa magharibi, karibu na mji, ambako mtu aweza kwenda asubuhi na kurudi kabla ya jua la mchana. Ramani ya vielelezo yaweza kumdanganya msomaji akadhani kuwa mimea fulani hupenda kukaa karibu na Mji Mkongwe, kumbe ni wakusanyaji waliopenda. Pili, kitu cha kawaida hakichumwi. Mkusanyaji aliyesafiri maelfu ya maili hufurahia mmea usiojulikana. Ndago, ambayo ameiona Bombay, Cairo na Mombasa, huipita. Kwa hiyo gugu lililojaa katika kila konde laweza kuwa na vielelezo vichache kuliko ua dogo la msituni. Uchache wa vielelezo haumaanishi uchache wa mmea.

Tatu, maandishi yaliyochapishwa hufupisha mno. Kitabu kikubwa cha mimea ya Afrika Mashariki ya kitropiki, ambacho juzuu zake zilitolewa kuanzia mwaka 1952 hadi 2012, na ambacho sehemu yake ya jamii ya ndago ilitoka mwaka 2010, kimeigawa nchi kwa herufi na nambari. Tanganyika ya zamani ina sehemu nane, T1 hadi T8. Kenya ina saba. Unguja ni herufi Z, na Pemba ni P. Kwa elimu ya mtawanyiko wa mimea katika bara zima herufi hiyo yatosha. Kwa mwanafunzi wa lugha ni ukuta. Makunduchi na Bumbwini zote ni Z, ilhali wasemaji wake hawasemi sawasawa. Kikae cha Makunduchi kina maneno ambayo mtu wa Mjini huhitaji kufasiriwa. Jina lililoandikwa chini ya Z pasipo kijiji ni neno lisilo na lahaja.

Hata kijiji kikitajwa, yapasa kujua kukisoma. Katika vielelezo vya Bi Faulkner mahali pamoja pameandikwa Massazine, na wahariri wa kitabu kilichotajwa juu wakaongeza katika mabano umbo lililo sahihi, Mazizini. Kosa hilo ni dogo kwa mwenye kutafuta mmea, lakini lina funzo kwa mwenye kutafuta maneno. Sikio lililosikia s mahali pa z, na likaacha i ya mwisho ikageuka e isiyosomwa, lilikuwa sikio la Kiingereza. Sikio lile lile ndilo lililosikia majina ya mimea siku hiyo. Pamoja na sauti, maana nayo imepotea: katika Mazizini limo zizi, mahali pa ng'ombe, na zizi ni habari ya mimea pia, maana udongo wenye samadi huota magugu yake. Katika Massazine hamna kitu. Siku hizi vielelezo hupigwa picha na maandishi yake kunakiliwa katika kompyuta na watu walio mbali; asiyejua Kiswahili atanakili Massazine kwa uaminifu, na ramani ya intaneti itashindwa kupaona mahali hapo.

Kuna mahali pengine ambapo jina limebaki na ardhi imebadilika. Katika karne ya 19 mkono wa bahari uliingia nyuma ya Mji Mkongwe na kuutenga na Ng'ambo. Maji yalipanda na kushuka mahali ambapo leo kuna viwanja, barabara na soko. Mkono huo ulifukiwa kidogo kidogo, na kufikia katikati ya karne ya 20 ulikuwa nchi kavu. Kandokando ya maji ya chumvi kama hayo huota spishi za jamii ya ndago zisizoota shambani. Kielelezo kilichochumwa hapo na mtu wa siku za Kirk hakiwezi kuchumwa tena. Hapana mzee aliye hai awezaye kutaja jina la jani aliloliona hapo utotoni, wala mtoto awezaye kulijifunza. Hali hiyo hiyo inayafikia sasa mabonde madogo ya pembezoni mwa mji, yanayojazwa kifusi ili kupata viwanja vya nyumba.

Sasa umbo la majina yenyewe. Ndago ni nomino ya ngeli ya N, na umoja na wingi wake ni mamoja. Mgeni aliyeisikia aweza kuandika dago, akidhani n ile ni mgumio tu wa kuanzia. Lakini msomaji wa leo asiharakishe kusahihisha. Kiswahili kina desturi ya kuondoa n hiyo ili kukuza kitu: ngoma huwa goma, ndege huwa dege, na kwa kanuni hiyo ndago yaweza kuwa dago, wingi wake madago, yaani ndago kubwa kupita kiasi. Kwa hiyo kipande chenye dago chaweza kuwa na kosa la sikio, au chaweza kuwa na neno sahihi kabisa ambalo mkulima alilitumia kwa ndago kubwa ya bondeni, mmea mwingine kabisa katika hesabu ya Kilatini. Atakayeamua ni karatasi yenyewe: je, mmea uliobandikwa ni wa kimo cha shubiri mbili, au ni shina nene la majini lililokunjwa mara tatu ili litoshe? Hapa kielelezo kinamsaidia mwanasarufi kuliko sarufi inavyomsaidia mtaalamu wa mimea.

Mfano wa pili ni ukangaga, jani refu la mabwawani. Umbo lake ni la ngeli ya U yenye wingi usio na u, ukangaga na kangaga, kama ukuta na kuta, ufito na fito, ukindu na kindu. Ngeli hiyo imejaa vitu virefu na vyembamba. Katika kisiwa cha Pemba kuna kijiji kiitwacho Kangagani, na jina hilo ni kama kielelezo kisichokaushwa: waliolitoa waliona kangaga nyingi mahali hapo. Neno hili si la pwani peke yake. Katika Kinyarwanda urukangaga ni Cyperus latifolius, ndago kubwa ya mabwawani ambayo hufumwa mikeka, na Wanyankore wa Uganda wana orukangaga. Vivyo hivyo mafunjo ya Kiswahili yana nduguye katika urufunzo wa Kinyarwanda, na sauti zake zinafuata kanuni, maana mahali penye nj katika Kiswahili aghalabu Kinyarwanda kina nz: njaa ni inzara, njia ni inzira, nje ni hanze. Mafunjo na urufunzo wote ni Cyperus papyrus.

Mlingano huo wa sauti wathibitisha kuwa maneno ni ya asili moja. Hauthibitishi kuwa mimea ni mmoja. Majina husafiri pamoja na watu, na watu wafikapo nchi mpya hulipa jina la zamani jani linalofanana na lile waliloliacha nyuma. Mwenye kusema kwamba kangaga ya Pemba ni Cyperus latifolius kwa sababu tu urukangaga wa Rwanda ndio huo, amefanya mmea kuwa mtumwa wa fonolojia. Yahitajiwa kielelezo kutoka Pemba, chenye jina lililotajwa na Mpemba.

Na vielelezo vyaweza kupotea. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Machi 1943 hebaria ya Berlin, huko Dahlem, ilipigwa kwa mabomu na sehemu kubwa ya mali yake ikateketea, pamoja na mimea mingi ya Afrika Mashariki iliyopelekwa huko siku za Wajerumani. Kilichosalimika katika elimu kilisalimika kwa sababu ya desturi moja ya busara: mkusanyaji mwema hachumi mmea mmoja, huchuma kadha kutoka katika kichaka kimoja, akagawa nakala. Hildebrandt aliuza seti za vielelezo vyake kwa hebaria mbalimbali za Ulaya, na biashara hiyo ndiyo iliyookoa kazi yake. Hebaria ya Amani, iliyoanzishwa na Wajerumani mwaka 1902, ilihamishiwa Nairobi mwaka 1950, na kwa hiyo mtafiti wa Tanzania mwenye haja ya vielelezo vya zamani vya nchi yake hupanda gari hadi Kenya au ndege hadi Uingereza. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina hebaria yake, na Arusha ipo ya taifa. Lakini urithi wa karne ya 19 uko mbali.

Wanafunzi wa Kiswahili wapelekwao mashambani kukusanya msamiati waweza kufanya kazi ambayo wakusanyaji wa zamani hawakuifanya, nayo haihitaji fedha nyingi. Swali "Hiki ni nini?" lisiwe la kwanza, kwa sababu mwenyeji muungwana, akiona mgeni ameshika gugu, hujibu "Majani tu, mwanangu", na majani hayo yakaandikwa kuwa ndilo jina. Afadhali kumsaidia mtu kupalilia na kusikiliza alitajaje gugu kwa jirani yake. Jina liandikwe ndani ya sentensi nzima, ili upatanisho uonekane: ndago hii, dago hili, ukangaga huu. Wingi uulizwe. Mmea uchimbwe mpaka viazi vyake vitoke, na mlolongo usikatwe. Iandikwe rangi ya vishuke ingali mibichi, kwa kuwa katika kukauka manjano na hudhurungi hukaribiana. Mtaje kijiji, na konde, na udongo kwa jina lake la Kiunguja. Kimo juu ya bahari si lazima katika kisiwa ambacho kilima chake cha juu hakifiki mita 150. Umri wa msemaji na mahali alipokulia vina thamani kuliko kimo. Mwezi uandikwe kwa jina lake na si kwa tarakimu, maana 6/8 kwa Mwingereza ni Agosti na kwa Mmarekani ni Juni. Na iongezwe kama ni masika, kipupwe, vuli au kiangazi. Nakala ziwe tatu, moja ya Unguja, moja ya Dar es Salaam na moja ya Nairobi, na maelezo ya Kiswahili yabandikwe katika zote tatu, si katika ile inayobaki nyumbani tu.